Kabla ya kwenda kukwea miamba na akala, uliza wayo wako

Kila Jumamosi alfajiri vijana hupita mbele ya lango langu hapa Milimani, Nakuru, wakiwa na kamba mabegani, kofia ngumu zikining'inia kwenye mikoba na vyuma vikigongana kama kengele za mbuzi. Wengine huteremka mjini kupanda matatu za Naivasha ili waende Hell's Gate kukwea miamba. Wengine hupandisha kwa miguu kuelekea Menengai. Hao hawana haja ya kamba. Wanataka tu kufika ukingoni na kulitazama lile shimo. Lakini ukiwaangalia miguuni, msomaji, utaona jambo ambalo mama zao wasingelinyamazia. Wengi hawakuvaa viatu. Wamevaa ndara: baadhi zile za kisasa zenye mikanda ya kunata, baadhi akala za taili zilizopigwa misumari na fundi wa kando ya barabara.

Je, huu ni uzembe? Kwa muda mrefu nilidhani hivyo. Kisha nikadhani si uzembe hata kidogo. Siku hizi jibu langu linategemea mguu uliomo ndani ya ndara yenyewe, na aliyenifunza hayo ni jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amenikubalia nisimulie kisa chake mradi nisimtaje jina.

Mwanawe wa mwisho ni mmoja wa hao vijana wa kamba. Siku moja Mwalimu aliamua kufuatana naye hadi Hell's Gate akaone kwa macho yake huo mchezo unaomfanya mtu mzima ang'ang'anie jiwe kama mjusi. Nilimkuta langoni akifunga akala zake.

"Mwalimu, hizo zitakufikisha kweli?" nikamuuliza.

"Zitanifikisha na kunirudisha," akanijibu. "Mimi nilisoma darasa la kwanza hadi la saba bila kiatu. Wayo huu ni ngozi ya kiboko. Siku hizi hata nikikanyaga changarawe sisikii kitu."

Tukacheka. Maneno hayo ya mwisho, kwamba hasikii kitu, sikuyatilia maanani. Wala yeye hakuyatilia.

KWA NINI WAKWEAJI HUPENDA NDARA

Kwanza tuwatendee haki vijana. Mtu anayekwea miamba huvaa viatu maalumu vyenye soli ya mpira laini, vilivyobana hata vidole vikajikunja. Vinashika jiwe vizuri ajabu, lakini kuvitembelea ni adhabu. Kwa hiyo mkweaji hubeba viatu hivyo mkobani na kuvaa kitu kingine njiani. Akifika chini ya mwamba huvua kile cha njiani na kuvaa vile vya kubana. Akishuka hubadilisha tena. Mara nyingine hukwea upande mmoja na kuteremkia mwingine, na hapo hulazimika kukwea na viatu vya njiani vikiwa vimefungwa kiunoni. Buti mbili kiunoni ni mzigo. Ndara mbili ni kama hakuna kitu.

Isitoshe, ndara huupa mguu hewa. Vidole vilivyobanwa saa nzima hupata nafasi ya kujinyoosha. Ukivuka maji, ndara hukauka kwa dakika chache, ilhali buti iliyolowa hushinda na unyevu siku nzima, na unyevu huo ndio unaolainisha ngozi hadi malengelenge yakatokea, kisha ukaleta ule ukungu unaowasha katikati ya vidole. Na kama umewahi kuteremka Longonot, mlima wa mita 2,776, ukiwa na viatu vifupi, unajua kinachozipata kucha. Kila hatua kidole gumba hugonga mbele, na baada ya siku mbili ukucha huwa mweusi. Mwenye ndara hana shida hiyo.

Tena si ushamba. Mwaka 1993 huko Leadville, katika milima ya Colorado nchini Marekani, mashindano ya mbio za maili 100, yaani takriban kilomita 160, yalishindwa na mzee wa miaka 55 wa kabila la Rarámuri kutoka Mexico. Alikuwa amevaa ndara za taili zilizofungwa kwa kamba, binamu wa akala zetu. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1984, Mmarekani aitwaye Mark Thatcher, aliyekuwa akiongoza wageni katika mto Colorado, aliunda ndara yenye mkanda wa kuushika mguu kwa nyuma ili isichukuliwe na maji. Leo aina hiyo ya ndara huuzwa kwa maelfu ya shilingi. Wamaasai wa bonde hili walikuwa na mkanda wa nyuma kwenye akala zao bila kuomba hataza ya mtu yeyote.

ARDHI YETU SI ZULIA

Hata hivyo, Bonde la Ufa halikutandikwa zulia. Ardhi ya kuanzia Longonot, kupitia Hell's Gate na Eburru hadi Menengai, ilitapikwa na volkeno. Miongoni mwa vilivyotapikwa ni lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, liitwalo obsidiani. Ni kioo hasa, kioo kilichopikwa na volkeno. Watu wa kale walilitengenezea visu na vyembe. Vipande vyake vilipatikana Hyrax Hill, hapa hapa nje ya Nakuru, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Kama lilitosha kuchuna ngozi ya mnyama, litatosha kukata kidole chako kilicho wazi. Hell's Gate limetapakaa njiani, na mvua ikinyesha hufichua mengine.

Kuna pia miiba ya migunga, ambayo hutoboa soli nyembamba kama sindano inayopita kwenye kitambaa. Kuna visiki vya leleshwa vilivyokatwa mshazari na panga, vigumu kama chuma, vimejificha kwenye nyasi. Na ndani ya Menengai, shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, kuna mawe ya lava yaliyokwaruza kila kilichopita juu yake, pamoja na mianya inayotoa mvuke wa moto. Watu hawakuchimba visima vya mvuke pale tangu mwaka 2011 kwa kujifurahisha. Joto liko karibu. Mtu mwenye ndara asikaribie mianya hiyo.

Mwalimu alitembea juu ya ardhi ya namna hiyo siku nzima. Kutoka lango la Elsa hadi mwamba wa Fischer, ule uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883, kisha hadi kwenye ukuta mkuu ambako mwanawe alikwea. Akarudi nyumbani jioni amefurahi, akatusimulia habari za kijana wake aliyening'inia hewani. Hakulalamika mguu.

Mke wake ndiye aliyeona damu kwenye mkeka siku ya pili. Akafuata alama hadi mguuni kwa Mwalimu. Mwiba wa mgunga, urefu wa kidole cha mtoto, ulikuwa umepenya soli ya akala na kukatikia chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Mzee alikuwa ameutembelea kwa saa zaidi ya ishirini na nne bila kujua.

SUGU HAIUI HISIA

Hapa, msomaji, ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Mwalimu aliamini, kama wengi wetu tuliokulia mashambani tunavyoamini, kwamba mtu aliyetembea pekupeku utotoni huota sugu, na sugu hiyo humfanya asisikie maumivu. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Nusu nyingine ni hatari.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima nyayo za watu zaidi ya 100, wengi wao Wakenya, baadhi wakiwa watembeao pekupeku na baadhi wavaao viatu. Waligundua kwamba kweli waliotembea pekupeku walikuwa na sugu nene zaidi. Lakini walipopima hisia za wayo, wenye sugu nene walihisi sawasawa na wenye ngozi laini. Sugu hukinga ngozi isichanike, huku ikiziachia neva za ndani zipate habari za ardhi. Soli nene ya kiatu ndiyo inayoziba habari hizo. Miaka tisa mbele ya hapo, mwaka 2010, utafiti mwingine uliohusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa ulionyesha kwamba waliozoea kukimbia bila viatu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo kupunguza ule mshindo wa ghafla wa kisigino. Mguu uliozoea ardhi ni mguu mwerevu.

Basi mtu akikuambia kwamba hasikii changarawe kwa sababu ana sugu, usimpongeze. Mwambie akapimwe.

Hospitalini walimtoa Mwalimu damu kabla hata ya kumaliza kuosha kidonda. Sukari ilikuwa juu sana, na kwa dalili zote ilikuwa juu kwa miaka mingi. Ugonjwa wa kisukari, usipotibiwa, huharibu neva ndefu kuliko zote mwilini kwanza, nazo ni zile zinazofika miguuni. Hisia hufifia kuanzia vidoleni na kupanda polepole kama soksi inayovutwa juu. Wengine husikia ganzi, wengine mchomo kama wa upupu usiku, na wengine, kama Mwalimu, hawasikii chochote, wakadhani ni uimara. Wakati huo huo mishipa ya damu hupungua upana, kwa hiyo kidonda kinachopaswa kupona kwa wiki moja hukaa miezi, na vijidudu hupata karamu.

Walipambana na kile kidonda wiki sita. Kidole kidogo hakikuokoka. Daktari alimwambia kwamba ana bahati ni kidole, maana wengine huja wamechelewa zaidi, na kinachokatwa huwa ni mguu.

Si kisukari peke yake kinachofifisha hisia. Pombe nyingi ya miaka mingi hufanya hivyo, ukosefu wa vitamini B12 pia, na ukoma, ugonjwa tunaodhani umekwisha. Lakini kisukari ndicho kinachojificha katika nyumba nyingi za mjini, hasa kwa sisi tuliozidi miaka arobaini na ambao matumbo yetu yametangulia mbele yetu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, na kikirudiwa kikawa hivyo hivyo, huo ni ugonjwa. Ni tone la damu na dakika chache tu.

Na hisia za miguu hupimwa kwa njia rahisi mno. Mhudumu hugusa wayo kwa uzi wa plastiki mgumu kidogo huku umefumba macho, nawe unasema ni wapi umeguswa. Nyumbani unaweza kuanza na jaribio la namna hiyo: fumba macho, mwombe mwenzako aguse vidole vyako vya miguu kimoja kimoja kwa ncha ya kidole chake, taratibu, bila kubonyeza. Ukikosa viwili au zaidi, usivae ndara kwenda popote penye mawe mpaka umwone daktari.

KAMA MGUU WAKO NI MZIMA

Tuseme umepimwa na uko sawa, una miaka ishirini na mitano, na unahisi hata chembe ya mchanga. Vaa ndara zako kwenda mwambani, sitakuzuia. Lakini si ndara yoyote. Patipati za bafuni ziache bafuni. Hazina mkanda wa nyuma, kwa hiyo vidole hulazimika kujikunja kuzishika kila hatua, na kwenye mteremko mguu huteleza mbele ukakuacha umekaa chini. Ndara ya njiani iwe na mkanda wa kisigino, soli isiyokunjika kirahisi mikononi mwako, na ukingo wa mbele uliopita vidole kidogo. Akala nzuri ina sifa hizo zote, mradi uangalie misumari: ipapase ndani kwa kidole, kwa maana taili likilika kichwa cha msumari huja juu. Usizivae mpya siku ya safari. Zitembelee sokoni wiki moja kwanza, mikanda ilainike.

Longonot ni habari nyingine. Njia ya kule ni majivu na changarawe nyepesi ya volkeno, na kila baada ya hatua kumi utasimama kukung'uta mawe yaliyoingia chini ya wayo. Huko vaa viatu, hata kama ni raba za kawaida, na soksi.

Ukifika chini ya mwamba, jambo linabadilika. Huyo anayeshika kamba ya mwenziwe husimama papo hapo muda mrefu akitazama juu, na kutoka juu mawe huanguka. Nimeona vijana wamevaa kofia ngumu kichwani na vidole vya miguu viko nje kama vinaota jua. Anayeshika kamba avae viatu vilivyofunikwa. Vilevile akiburutwa ghafla kuelekea ukutani mwenziwe anapoanguka, ndara itamsaliti.

Korongo la Hell's Gate nalo lina neno lake. Ndara hufaa majini, ndiyo, lakini korongo lile liliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019, maji yalipoteremka ghafla kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali. Hakuna kiatu cha kushindana na hilo. Mawingu yakiwa meusi popote upande wa juu, usiingie.

Nyoka nao. Kifutu, yule mnene mwenye mabaka, hakimbii mtu anapokaribia. Hulala kimya akitegemea rangi yake, na ukimkanyaga huuma kwenye mguu au kifundo. Buti ndefu ingekukinga kiasi; ndara haikukingi hata kidogo. Kwa hiyo mwenye ndara hatembei nje ya njia, hapiti kwenye nyasi ndefu, wala hatembei gizani bila tochi. Mtu akiumwa, vua ndara upesi, na pete au bangili ya mguuni, kwa kuwa mguu utavimba. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana: sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba huongeza madhara. Mlaze atulie, mguu usichezwe, tafuta gari mpeleke hospitali.

Nimeacha pepopunda mwisho ingawa ndiyo inayonisumbua zaidi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na njia zetu za mlimani hupitwa na ng'ombe na mbuzi kila siku. Mwiba mdogo tu unatosha kuviingiza ndani, mahali pasipo na hewa, wanapopapenda. Dalili, kuanzia kukaza kwa taya, huweza kutokea baada ya siku tatu au baada ya wiki tatu, wakati mwiba umeshasahaulika. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wanawake huchanjwa tena wanapokuwa waja wazito. Lakini mwanamume? Mwanamume wa miaka thelathini mara nyingi hajadungwa sindano hiyo tangu alipokuwa mgongoni kwa mama yake. Inapaswa kurudiwa kila baada ya miaka kumi, na ukipata kidonda kichafu baada ya miaka mitano tangu sindano ya mwisho, nenda ukadungwe. Kijana anayenunua kamba ya maelfu ya shilingi asishindwe na sindano.

Ukirudi nyumbani, osha miguu kwa maji na sabuni, kausha katikati ya vidole, kisha itazame nyayo zote mbili kwenye mwanga. Ambaye hawezi kuinua mguu atumie kioo kilichowekwa sakafuni. Ukiona doa jeusi dogo linalowasha pembeni mwa ukucha, huenda ni funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika Kusini hadi Angola mwaka 1872 na kuenea barani bila kulipa nauli. Usimtoe kwa pini iliyotumiwa na mtu mwingine.

Mwalimu bado hupanda Menengai. Daktari wake ndiye aliyemwamuru atembee, kwa sababu kutembea hushusha sukari. Huvaa viatu vipana vya ngozi alivyovinunua jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ili visije vikambana. Kabla ya kuvivaa huingiza mkono ndani na kupapasa kote, maana mkono wake bado unahisi kile ambacho mguu hauwezi. Soksi zake ni nyeupe pepe. Nilipomtania kwamba anafanana na mwanafunzi wa bweni, alinieleza: damu ikitoka, huonekana kwenye soksi nyeupe.

Zile akala amempa mwanawe. Jumamosi iliyopita nilimwona akipita nazo langoni alfajiri, kamba begani. Baba yake alikuwa amesimama barazani, akimwita arudi kwanza aonyeshe kadi ya chanjo.